Bamurange, Uliyekwenda Harusini Louisville

Mwaka umetimia, Yaya, dada yetu mkubwa, tangu ulipofunga begi lako jekundu hapa Linden, Columbus, ukatuambia unakwenda harusini Louisville, na Jumanne utakuwa umerudi. Familia imenipa kalamu mimi Margareta, mdogo wako, eti kwa sababu nina mdomo. Bon, mdomo ninao. Leo ni mzito, lakini nitasema hivyo hivyo.

Wengine wakiandika kumbukumbu husema marehemu hakuwa na kasoro. Wewe ulikuwa nazo. Ulichelewa kanisani kila Jumapili, halafu ukaingia ukiimba, kana kwamba kwaya ndiyo iliyokuwahi. Maziwa ya dukani uliyatukana mbele ya wageni: "Haya ni maji yaliona ng'ombe kwa mbali." Kila aliyefika mpya Columbus ulimpigia simu, hata kama hujui jina lake, kumwuliza kama ana blanketi. Ruberwa, mume wako, alikuwa akisema hakuoa mke, ameoa ofisi ya wakimbizi. Alisema hivyo akijivuna.

Kazi yako tunaikumbuka. Miaka sita katika nyumba ya wazee kule Westerville, ukiwaogesha, ukiwageuza, ukiwalisha kijiko kwa kijiko. Watu walikuhurumia, wewe ukacheka. Uliwauguza wakwe zako wawili juu milimani, Kivu Kusini, mpaka mwisho wao. "Hii kazi naijua," ulisema. "Hawa ni wakwe tu, wa rangi ingine."

Katika wazee wako wote, kulikuwa na mmoja. Anaitwa Verna Tisdale, wa chumba cha mwisho upande wa maegesho ya magari, na wakati ule alikuwa na miaka mia na nne. Ulimwita Koko, tunavyowaita bibi zetu, naye akalipokea jina bila kuuliza. Mume wake alikufa zamani, mtoto wake wa pekee naye alikufa, na wajukuu hakujaliwa. Alikuwa na wewe.

Kila ulipotoka zamu ulituletea habari zake mezani, tukawa tunamjua kuliko jirani zetu. Alizaliwa Buffalo. Mwaka 1926, akiwa na miaka kumi na sita, alikata nywele zikabaki fupi, akapanda treni bila kuaga, akaenda New York kucheza dansi Broadway, ile barabara ya majumba ya maonyesho. Hakuwa nyota. Alikuwa mmoja wa wasichana ishirini na wanne wa mstari wa nyuma, wote wa urefu mmoja, miguu inainuka kimo kimoja, meno nje hata kama kiatu kinamla mtu kisigino. Kwenye karatasi waliyopewa watazamaji, majina ya wakubwa yaliandikwa kwa herufi nene, na chini kabisa pakaandikwa "na wasichana". Hapo ulikuwa ukipiga meza. "Mutu anacheza mpaka magoti yanalia, halafu jina lake ni 'na wasichana'!"

Baadaye sinema zikaanza kuongea, na mwaka 1929 matajiri wakafilisika, majumba yakafungwa moja baada ya jingine. Koko akaolewa na muuza viatu wa Columbus. Lakini miguu yake haikusahau. Alikufundisha dansi ya Charleston, yeye amekaa kwenye kiti cha magurudumu, vidole viwili vinacheza juu ya meza ya chakula, na wewe unafuata koridoni kwa viatu vyako vyeupe vya kazi, magoti ndani, magoti nje. Ulipotuonyesha nyumbani, mtoto wako mdogo Gift aliiita ngoma ya kuku. Tulicheka mpaka mwenye nyumba wa chini akagonga dari.

Na kuna hadithi moja uliyoisimulia kuliko zote. Kwenye ule mstari kila msichana alimshika mwenzake kiuno, na wa kushoto kwa Koko alikuwa msichana jina lake Hazel. Jumatano moja, kati ya onyesho la mchana na la jioni, Hazel alitoka kununua mkate wa nyama wa kula wawili, akagongwa na teksi mbele ya mlango, akafa palepale. Meneja akawaambia watu wa nyuma ya pazia wanyamaze. Koko akaambiwa Hazel anaumwa jino. Akaletwa msichana wa akiba, akavishwa nguo ya Hazel, pazia likafunguliwa. Kwa muda wa saa mbili na nusu Koko alicheza akimkonyeza yule wa akiba, akicheka, akipanga atakavyomtania Hazel na jino lake. Aliambiwa ukweli wakati anafuta rangi usoni.

"Mafundi walijua," alikwambia. "Wapiga muziki walijua. Mfagizi alijua. Mimi peke yangu nilikuwa nacheka." Ilipita karibu miaka tisini, na Koko hakumsamehe yule meneja.

Wewe ulimaliza kila mara kwa kushika kichwa: "Ona roho ya ule mutu!" Na sisi tulikubali kwamba ile ni roho mbaya. Tulikubali tukitafuna ugali wako.

Ikaja harusi ya Uwase, binti wa kaka yetu Karaha, kule Okolona, Louisville. Ulimwahidi Koko kwamba utaicheza Charleston mbele ya ukoo mzima, na Jumanne utamletea habari, kama walicheka na kama walipiga makofi. Koko akakuonya: "Anza na mguu wa kulia. Ukianza na wa kushoto utaanguka." Ukamwambia asijali, ukambusu kwenye paji la uso, ukaenda.

Ulicheza, Yaya. Mimi sikuwepo, kazini kwangu Buffalo walininyima ruhusa, lakini mtoto wako Isaro alikurekodi kwenye simu na kunitumia siku ile ile. Wazee wanashika fimbo zao na kutazamana. Karaha anasikika akipiga kelele, "Yaya, aibu!" na sauti inamkatika kwa kicheko. Umekunja kitambaa chako cha harusi mpaka magotini, na una furaha ambayo sijapata kuiona usoni kwa mtu wa miaka arobaini na tisa.

Kesho yake asubuhi, Jumapili, ulikuwa jikoni kwa Karaha ukiwatengenezea wageni chai. Uliinama kuchukua sufuria ya chini, hukuinuka. Daktari alisema ni kiharusi. Ukoo ulikuwa umekusanyika tayari, basi wakakuzika huko huko Louisville, na wengi walikaa kilioni kwa nguo walizokuja nazo harusini.

Mimi nilipigiwa simu na Karaha. "Yaya ana homa kidogo," akasema. "Donc, kuja tu, pole pole." Murhula wa kanisani akaja kunichukua kwa gari lake, safari ya saa tisa barabarani. Nilikununulia juisi ya embe na soksi za sufu. Njia nzima nilikuteta, kwamba mtu mzima amejichezea mpaka homa, naye Murhula anajibu "eh, eh" bila kunitazama. Tulipita hata hapa Columbus mimi nikiendelea kucheka. Nilijua tu nilipoona magari mbele ya nyumba ya Karaha. Homa haina magari arobaini.

Hata hivyo walinikalisha, wakanipa maziwa, nikanywa, ndipo mzee akaongea. Sikumkasirikia mtu. Unajua mwenyewe, lakini niseme kwa wanaosoma: kwetu habari ya kifo haitupiwi mtu aliyesimama peke yake. Inapelekwa na watu, mtu akiwa ameketi, tumboni ana kitu, na mikono ya kumshika iko karibu. Ni huruma. Mpaka leo nasema ni huruma.

Na ndivyo tulivyomkosea Koko.

Ruberwa alikwenda Westerville kuchukua vitu vyako kabatini: viatu vyeupe, sweta, kile kikombe chenye mpini uliovunjika. Koko akamwona koridoni akamwuliza, "Mke wako yuko wapi?" Mwanaume peke yake, amesimama, mfuko wa plastiki mkononi, Kiingereza chake ni kile cha kazini ghalani cha "inua" na "shusha". Angemwambiaje? "Louisville," akasema. "Bado Louisville." Alipanga turudi kwa utaratibu, na wazee, na maziwa. Akawaomba wakubwa wa pale wasimwambie, familia itamwambia yenyewe. Wakakubali.

Oktoba nilihama Buffalo nije niwe karibu na watoto wako. Nikaomba kazi pale pale, wakaniweka kwenye korido yako. Nilivaa viatu vyako, vikanitosha. Koko akanitazama, akasema, "Wewe ni mdogo wake. Una kidevu chake. Anarudi lini?"

Nikafungua mdomo huu unaosifiwa. "Bado yuko Louisville," nikasema. Na haikuwa uongo, Yaya. Ndiyo maana ilitoka kirahisi hivyo.

Kwanza tulisubiri wazee wapate nafasi ya kusafiri. Halafu theluji ikafunga barabara. Halafu Krismasi, na nani anamharibia bibi kizee Krismasi? Halafu akatimiza miaka mia na tano, wakamletea keki na kofia ya karatasi. Halafu kifua kikambana, daktari akasema asishtuliwe. Kila mara tulikuwa na sababu nzuri. Mficha maradhi kilio humfichua, walisema wahenga. Sisi tulificha kilio chenyewe, nikawa nakibeba kila siku kwenda nacho kazini.

Yeye alikuwekea akiba. Kila Jumamosi wanawapa jeli nyekundu kwenye kikopo, na kila Jumamosi Koko hakuila. "Mpelekee akirudi," ananiambia, "anaipenda sana." Wewe, uliyekuwa ukisema chakula kinachotetemeka kinaogopa kitu! Uliimeza mbele yake kwa heshima, na sasa ninabeba vikopo vya heshima yako mpaka Linden, na wanao Gift na Nshuti wanakula.

Na aliuliza habari za ngoma. Ilikuwaje? Walicheka? Nilimjibu kwamba utamwambia mwenyewe. Siku moja mwezi wa tatu akasema, "Huyu amewanogea huko, wamekataa kumrudisha," akacheka, bega linatikisika. Nami nikacheka naye. Nilicheka, Yaya. Nikatoka nikajifungia kwenye chumba cha mashuka, nikakaa chini.

Mwisho wa Julai Karaha alikuja tupange kumbukumbu hii. Tukaandika majina ya wanaokukumbuka, yale ya kuweka mwishoni. Isaro wako, ambaye siku hizi tunamwongelesha Kiswahili anatujibu Kiingereza, akasema jina la Koko liwekwe.

Karaha akasema, "Mutu wa miaka mia na tano! Munataka kumuua? Tumuache. Atamukuta Yaya huko mbele, watasalimiana."

"Mimi nilisema Louisville tu," Ruberwa akasema. "Sikusema iko muzima."

Isaro akatutazama mmoja mmoja. Safari hii akasema kwa Kiswahili, ili asiwepo wa kusingizia kutoelewa: "Mumemufanyia kama Hazel."

Ruberwa akaweka kijiko chini. Hadithi ile tuliisimulia hata kilioni kwako, tuliporudi hapa Linden, Yaya, ili tukusikie. Murhula ndiye aliyeisimulia, na alishika kichwa kama ulivyokuwa ukishika, na watu wakatikisa vichwa kwa ajili ya yule meneja. Wakati huo Ruberwa alikuwa ameshatoka Westerville kuchukua viatu. Hakuna hata mmoja wetu aliyeshtuka.

Basi Jumamosi ya tarehe mosi Agosti tukaenda, sote wanne, tumevaa vizuri, tuna maziwa kwenye chupa ya chai. Tukaketi. Karaha akaanza kama inavyopaswa, kutoka mbali, akamshukuru Mungu kwa safari, akamshukuru Koko kwa kutupokea, na Isaro akawa anatafsiri. Koko akainua mkono.

"Watu wanne wenye nguo za kanisani," akasema, "hawaji Jumamosi kuleta habari njema. Ni yeye?"

"Ndiyo," Isaro akasema.

"Lini?"

"Agosti."

"Hii ni Agosti."

"Mwaka jana, Koko. Kesho yake ya harusi."

Halafu akaanza kuuliza, bila kupandisha sauti. Krismasi alikuwa ameshakufa? Ndiyo. Siku yangu ya kuzaliwa, mliponivalisha kofia? Ndiyo. Akanigeukia mimi. "Na siku ile niliyosema wamekataa kumrudisha, tukacheka mimi na wewe?"

"Ndiyo, Koko."

"Jeli alikula nani?"

"Watoto."

"Wakubwa wa hapa walijua?"

"Walijua."

"Mfagizi?"

Koko akaanza kugeuza kiti chake kuelekea dirishani, kwa mikono yake mwenyewe. Gurudumu moja likakwama kwenye mguu wa kitanda, akavuta, akasukuma, akavuta tena, na kati yetu wanne hakuna aliyethubutu kumsaidia. Karaha alibaki ameshika kikombe cha maziwa. Sisi tunajua kulia na mtu. Tunajua kumshika, kumpikia, kulala sakafuni kwake siku saba. Mtu asiyetutaka hatujui tumfanyeje. Tukamimina maziwa kwenye sinki la pale, tukaondoka.

Siku nne nilimhudumia bila kuambiwa neno ila "maji" na "dirisha". Nilitamani anitukane. Siku ya tano, Alhamisi, nilikuwa nampaka mafuta miguuni, ile miguu, akasema, "Alicheza?"

Nikatoa simu mfukoni. Video yako ilikuwa humo mwaka mzima, Yaya, kwenye mfuko wa nguo yangu ya kazi, hatua mbili kutoka kitandani kwake, na ningeweza kumwonyesha siku yoyote. Nikaishika karibu na macho yake. Akakutazama ukiingia katikati ya ukumbi. Akawatazama wazee na fimbo zao. Midomo yake ikaanza kuhesabu.

"Kushoto," akasema. "Ameanza na wa kushoto. Nilimwambia kulia."

Na ni kweli. Hatukuliona hilo sisi wote, na tumeitazama mara elfu. Hatua ya nne unayumba, unamshika bega mjomba wa bwana harusi, unakaa sawa, unaendelea, na ukumbi mzima unapiga kelele. Koko akasikiliza makofi mpaka yakaisha. "Hakuanguka," akasema. Hapo ndipo alipolia. Nilinyoosha mkono nimshike, akausukuma. Nikaendelea kumpaka mafuta miguuni, kwa sababu miguu aliniachia.

Alipomaliza kulia nilimwambia kuhusu kumbukumbu hii. Akauliza kama majina yanaandikwa. Nikasema yanaandikwa. Yote? Yote, Koko.

"Basi andika langu, lote, kama lilivyo," akasema. "Na usiandike kwamba ninamkumbuka kwa mwaka mmoja. Mwaka wangu mliuchukua ninyi."

Hajatusamehe, Yaya. Sijui kama atatusamehe, na umri wake si wa kungojea. Jumamosi iliyopita jeli aliila yote mwenyewe, akanirudishia kikopo kitupu. Kesho nitakwenda tena, nimevaa viatu vyako.

Wanaokukumbuka kwa mwaka mmoja: mume wako Ruberwa, watoto wako Isaro, Nshuti na Gift, hapa Columbus, kaka yako Karaha na mke wake, Louisville, Uwase na mume wake, ambao siku yao ya ndoa wanaisherehekea kwa sauti ya chini, Murhula na kwaya, Buffalo, na mimi mdogo wako Margareta.

Anayekukumbuka kwa siku tisa: Verna Louise Tisdale, mcheza dansi wa Broadway, sasa wa Westerville.

Hutasahaulika, Yaya. Na hatutakuficha tena.